Kunyamaza Siyo Kuficha

Katika miji yetu ya Kongo vijana wengi waliosoma hawangojei tena biro liwaite. Wanatafuta kazi kwa simu au kwa kompyuta. Mwenye kazi yuko Geneva au Montreal, mfanyakazi yuko Lubumbashi au Kisangani. Hawajaonana, na pengine hawataonana kamwe. Wanakutana katika masoko ya intaneti. Soko moja, Fiverr, lilifunguliwa mwaka 2010. Jingine linaitwa Upwork. Lilipata jina hilo mwaka 2015, baada ya masoko mawili ya zamani, Elance na oDesk, kuunganishwa kuwa moja. Humo watu wanauza kazi za akili na za mikono: kutafsiri, kushika hesabu, kuchora alama za biashara, kutengeneza programu.

Katika soko hilo kila mmoja ana ukurasa wake wa kujitambulisha, ambao vijana wanauita profili. Ni kama kibao cha mlangoni. Hapo anaandika yeye ni nani, anajua kazi gani, anaomba bei gani, tena anaonyesha mifano ya kazi alizokwisha kufanya. Nao wazoefu wa soko hilo wanampa mgeni shauri moja: andika machache, shika jambo moja, acha mengine.

Ukilisikia mara ya kwanza, unadhani ni shauri la biashara tu. Lakini ndani yake kuna swali la adili, na swali hilo ndilo tunalotaka kulifikiri leo pamoja nanyi. Mtu anayejua kazi sita, akajiandika kuwa na moja, je, amesema kweli? Na yule aliyeziandika zote sita, je, yeye ndiye mkweli zaidi?

Tuchukue mfano. Tuseme yuko kijana wa Lubumbashi aliyesoma ualimu, akafundisha Kifaransa miaka mitatu. Siku ya arusi anapiga picha. Anajua kutengeneza simu. Anaandika upesi kwa kompyuta. Mara kadhaa alitafsiri karatasi za afya kutoka Kifaransa kwa Kiswahili, zikasomwa kwenye zahanati. Na wakati wa mvua analima mahindi katika shamba la mama yake. Kijana huyu si mvivu wala si mdanganyifu. Hayo ndiyo maisha ya kwetu. Tangu siku nyingi tunayaita «Artikle 15», maana yake: jitafutie mwenyewe. Basi alipofungua profili, aliandika juu kabisa: «Mtafsiri, mwalimu, mpiga picha, mwandishi, fundi wa simu, niko tayari kwa kazi yoyote.» Miezi ikapita, hakuna aliyemwita. Sasa rafiki yake anamwambia: «Futa hayo yote, acha moja.» Yeye anakataa.

Anakataa kwa sababu tatu, na tatu hizo tumezisikia kwa watu wengi. Ya kwanza ni ya njaa: mwenye njaa hafungi mlango hata mmoja; nikiandika kazi moja, nitakosa zile tano. Ya pili ni ya ukweli: kuacha mambo ambayo kweli ninayajua ni kusema nusu, na nusu ya kweli ni ndugu ya uongo. Ya tatu ni ya heshima: miaka niliyofundisha ni sehemu ya maisha yangu, kwa nini nijikate vipande ili nimpendeze mtu asiyenijua?

Sababu hizo si za kudharauliwa. Tuzijibu moja moja. Tutaanza na ile ya ukweli. Kwa maana kama shauri lenyewe lina uongo ndani yake, hata likileta fedha nyingi, halifai kufuatwa.

Mwaka 44 kabla ya Kristu, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo anatoa mfano wa mfanyabiashara mwema aliyepakia nafaka katika Aleksandria na kuipeleka kisiwa cha Rodo, ambako watu wana njaa na bei imepanda sana. Yeye anajua kwamba nyuma yake merikebu nyingine nyingi zinakuja na nafaka. Watu wa Rodo hawajui. Je, sharti awaambie, bei ishuke, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu? Cicero anasema kwamba wenye hekima wawili hawakupatana juu ya mambo ya namna hiyo. Diogenes wa Babeli alisema: kunyamaza siyo kuficha; muuzaji aseme ubaya wa mali yake kama sheria inavyomwamuru, mengine si lazima. Mwanafunzi wake Antipatro alisema: hapana, mnunuzi asikose kujua jambo lolote ambalo muuzaji analijua.

Cicero mwenyewe alikubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Lakini akaongeza kipimo: unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua. Kwa sababu hiyo alimhukumu mfanyabiashara wa Rodo. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Aquino alilifikiri tena jambo hilo hilo. Aliona kwamba haki haimlazimishi mtu huyo kutangaza merikebu za wengine, ingawa akitangaza atakuwa na wema mkubwa zaidi. Lakini juu ya mali yenyewe, Thomas alishika neno bila kulegea: ikiwa ina kasoro isiyoonekana, ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji sharti aiseme.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mteja wa Geneva anatafuta mtu wa kutafsiri karatasi ya afya. Asipojua kwamba kijana anatengeneza simu, amepata hasara gani? Hakuna. Asipojua habari za arusi na mahindi, amedanganywa katika nini? Hakuna. Hapo kunyamaza siyo kuficha. Lakini tuseme kijana hajatafsiri karatasi ya afya hata moja, naye ananyamaza. Au anajua kwamba umeme kwao unakatika siku mbili au tatu, naye anaahidi kazi kesho. Au ataipitisha kazi yote katika mashine ya kutafsiri na kuirudisha pasipo kuisoma. Au atampa binamu yake aifanye. Mambo hayo yangemfaa mteja kuyajua kabla ya kulipa. Kuyanyamazia ni kuficha, hata kama kila neno lililoandikwa ni la kweli.

Hivyo swali la adili si hili: «Nimesema yote?» Hakuna mtu awezaye kusema yote juu yake mwenyewe. Swali ni: «Nimemnyima huyu jambo ambalo analihitaji ili aamue vizuri?» Profili fupi yaweza kujibu swali hilo kwa dhamiri safi, na profili ndefu yaweza kushindwa.

Tena tuitazame vizuri ile profili ndefu. Kijana anasema: «Zote sita ni kweli.» Ndiyo, lakini orodha haina mizani. Neno «mtafsiri» na neno «mpiga picha» yamekaa bega kwa bega, kwa herufi zilizo sawa, kana kwamba ujuzi wake ni sawa katika yote mawili. Yeye mwenyewe anajua si sawa. Katika kazi moja ni fundi. Katika ya pili ni msaidizi. Katika ya tatu alijaribu mara mbili tu. Msomaji hawezi kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo orodha ya mambo ya kweli yaweza kumwachia msomaji picha isiyo ya kweli.

Aristotle, katika kitabu chake cha adili, anamweka mkweli katikati ya watu wawili: upande mmoja mwenye kujisifu kupita kadiri, upande wa pili mwenye kujipunguza. Anasema kwamba anayejisifu kwa ajili ya heshima hastahili lawama kubwa sana, lakini anayejisifu kwa ajili ya fedha ni mbaya zaidi. Kisha anaonyesha jambo ambalo limetugusa sana: wanaojisifu kwa ajili ya faida wanapenda kujidai kuwa na ujuzi ambao watu wanauhitaji, lakini upungufu wake hauonekani upesi, kama ujuzi wa mganga au wa mwaguzi.

Kumbe ndivyo ilivyo kazi ya kutafsiri. Seremala akikosea meza, itayumba mbele ya macho yako. Lakini mteja asiyejua Kiswahili atajuaje kwamba tafsiri ni mbovu? Atalipa, atashukuru. Atakayepata hasara ni mtu wa tatu, ambaye hayumo katika mapatano: mama aliyekaa kwenye zahanati na mtoto mwenye homa, akisoma karatasi inayosema kijiko kimoja mahali pa nusu kijiko. Basi kujiandika «mtafsiri wa afya» ni neno zito. Aliandike yule awezaye kulijibia.

Lakini tusiusahau upande wa pili, ule wa kujipunguza. Sisi tumelelewa kutojisifu. Wazee walitufundisha: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli katika mtaa ambamo watu wanakuona kila siku. Seremala mzuri hahitaji kupiga kelele, kwa kuwa viti vyake vimo katika nyumba za jirani. Katika soko la intaneti hakuna jirani. Anayeandika «ninajaribu-jaribu kutafsiri kidogo» amefanya kosa pia, maana anamficha mteja fundi ambaye angemfaa. Unyenyekevu ni kusema kadiri iliyopo, bila kuongeza wala kupunguza. Kama umetafsiri karatasi arobaini, andika arobaini.

Sasa tujibu sababu ya njaa. Tunaijua njaa, wala hatutaki kumfundisha mwenye njaa subira kwa maneno matamu. Lakini tutazame jinsi soko lenyewe linavyofanya kazi. Mteja anatangaza kazi, anapata barua nyingi. Hasomi profili yote ya kila mtu. Anaona sura, mstari wa juu, bei, na maneno machache ya mwanzo. Kama hayo hayamjibu, anapita. Hana chuki, ana watu wengi wa kutazama na saa chache. Katika kichwa chake lina swali moja tu: «Huyu aweza kufanya kazi yangu hii?» Anayemjibu «ninaweza yote» hajamjibu, maana hakuulizwa juu ya yote.

Tena kuomba kila kazi kuna gharama. Katika Upwork mtu anaomba kazi kwa kutoa vitu kama tiketi, viitwavyo «Connects». Tangu mwaka 2019 kila kimoja kinauzwa senti 15 za dola, na ombi moja laweza kudai vingi. Kijana anayeomba leo kazi ya picha, kesho ya hesabu, kesho kutwa ya tafsiri, anatoa fedha mara tatu, na kila mteja anayeifungua profili yake anakuta mtu aliyetawanyika. Wahenga walisema: njia mbili zilimshinda fisi. Huyu wetu amejitafutia njia sita.

Hatusemi kwamba akishika kazi moja ataitwa kesho. Soko lina watu wengi, na mgeni asiye na ushuhuda wa wateja hupata taabu mwanzoni. Wala hatusemi aache kamera na jembe. La! Hivyo ndivyo vinavyomlisha wakati huu, avishike sana. Kibao ni cha mlango mmoja, lakini nyumba ina vyumba vingi. Tena akiwa kweli na ufundi wa pili wa kuuza kwa watu wa namna nyingine, aweza kuutangaza mahali pengine, kwa kibao chake cha pekee. Kwa hiyo mpiga picha hatazimwa. Atasimama mahali pake, mbele ya watu wanaotafuta picha.

Imebaki sababu ya heshima, na hiyo ndiyo ngumu zaidi. Akichagua moja, achague ipi? Vijana wengi wanachagua ile yenye jina kubwa. Kijana wetu angependa kuandika Kifaransa na Kiingereza mbele, na Kiswahili nyuma kabisa. Na kama ni Kiswahili, basi aseme «Kiswahili» tu, bila kusema kwamba ni kile cha Lubumbashi, kwa sababu anakionea haya. Shuleni walimwambia si Kiswahili safi.

Ndugu zetu, hapa anadharau mali yake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, iitwayo ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina alama yake yenyewe, swc, na Kiswahili cha pwani kina yake, swh. Na jambo hili si la wataalamu tu. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu walihitaji habari za kuwaokoa. Shirika la Translators without Borders lilichunguza mambo hayo mwaka 2019, likaona kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu mara nyingi havikuwaeleza watu vizuri. Walitaka kuambiwa kwa maneno rahisi, katika lugha wanayoisema nyumbani.

Basi lile ambalo kijana alilionea haya ndilo ambalo wengi wa soko hilo hawana. Na kulitaja wazi ni haki kwa mteja pia, maana mteja wa mbali aweza kudhani Kiswahili ni kimoja. Anayejua lugha ya Lubumbashi na kuandika tu «Kiswahili» anamwacha mteja katika giza: je, karatasi itasomwa Dodoma au Likasi? Neno dogo «cha Kongo» linapunguza wateja, ni kweli; lakini wale wanaobaki ni wale awezao kuwatumikia.

Profili yake mpya yaweza kusema hivi: «Ninatafsiri maandishi ya afya kutoka Kifaransa kwa Kiswahili cha Kongo. Nimefundisha Kifaransa miaka mitatu, nimezoea kueleza mambo magumu kwa maneno rahisi. Kila kazi ninaisoma tena kwa sauti kabla ya kuirudisha.» Chini yake mifano miwili, kwa ruhusa ya wenye karatasi. Bei yake. Siku anazohitaji kwa kurasa kumi, pamoja na siku za umeme kukatika. Basi, imetosha. Tazameni: ile miaka ya kufundisha haikutupwa. Imepata mahali pake, kwa kuwa inamsaidia mteja kujua kwa nini amwamini mtu huyu katika kazi hii. Shamba la mahindi halikutajwa, wala halikuvunjiwa heshima. Mama yake analijua, na jirani wanalijua.

Kila neno la profili lipite katika machujio mawili. La kwanza: je, mteja akiniuliza juu ya neno hili uso kwa uso, nitaweza kulijibia? La pili: je, neno hili linamsaidia kuamua? Linaloshindwa katika la kwanza ni majivuno, lifutwe. Linaloshindwa katika la pili ni mzigo, liwekwe kando. Siku hizi kuna mashine za kuandika ambazo zinaweza kukupa kurasa mbili za sifa kwa dakika moja. Si dhambi kusaidiwa kusahihisha sarufi. Lakini sifa zile zinafanana kwa watu wote, na siku mteja atakapopiga simu atakutana na mtu mwingine, asiyesema vile.

Tuseme pia waziwazi: kuna ufupi ambao ni uongo mtupu. Wako wanaoazima akaunti ya mtu mwingine, au wanaonunua, au wanaoweka jina la nchi wasiyokaa, wakisema ni kurahisisha mambo. Hao wanavunja sheria za soko, na wakigunduliwa wanafungiwa na kupoteza hata kazi nzuri walizofanya. Lakini hata wasipogunduliwa, wamemdanganya mteja katika jambo la kwanza kabisa, yaani anasema na nani.

Wengi wenu hamna profili, wala hamtafuti mteja wa ng'ambo. Lakini mnaandika barua za kuomba kazi, mnaweka vibao vya cherehani na vya sabuni, mnawatambulisha watoto wenu kwa wakubwa. Swali ni lile lile. Na kama yuko kijana nyumbani kwenu anayekaa usiku mbele ya simu akingojea kuitwa, msimcheke. Mwambieni awasomee ukurasa wake kwa sauti. Mwulizeni: «Katika haya yote, ni lipi ambalo ungelifanya vizuri hata kama hakuna anayekusimamia?» Akijibu, mwambieni aliandike hilo kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, na bei ya haki.